Mwanasha Hakufaulu, Mama

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Nakuamkia kwa heshima zote kutoka huku kwenye baridi, nikitumaini barua hii itakukuta umejinyoosha kwenye kitanda chako cha kamba pale barazani, mguu umeuinua juu ya mto kama ulivyoagizwa kliniki. Je, mguu haujambo? Na mwani je? Nasikia bamvua hili maji yalitoka vizuri na kamba zote mkazifikia. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Mwanasha anakusalimu sana. Yuko nyuma yangu anasoma, na kila nikigeuka kumtazama ananyoosha kidole kwenye karatasi hii, yaani niandike, niache kumtazama.

Sasa Mama, kabla hujaendelea, naomba uingie ndani. Kama dada Mwanamisi yupo, mwite akae karibu nawe. Kama kuna jirani, mngoje amalize chai yake aende. Umekaa? Nina habari isiyo nzuri. Hakuna aliyekufa, na hakuna mgonjwa. Ni habari ya mtihani.

Mwanasha hakufaulu.

Nimeliandika peke yake kwenye mstari wake kwa sababu ndivyo mwenyewe alivyonifundisha: litamke neno, kisha nyamaza, mwache mtu alipokee. Basi na mimi nimenyamaza. Nimeweka kalamu chini, nimekwenda dirishani, nimerudi.

Najua unavyosema hapo ulipo. "Lakini Hamisi, si uliniambia...?" Mama, sikukuambia, wala sikukukatalia, na hilo ndilo linalonila roho. Siku ile nilipokupigia ulikuwa kwenye banda la mwani, nawasikia wenzio wakishindilia magunia. Ukaniuliza, "Mkaza mwanangu ametoka kwenye mtihani?" Nikasema, "Ametoka Mama, alhamdulillahi." Ukauliza, "Na majibu?" Majibu yalikuwa mkononi mwangu. Nikakujibu, "Mambo si mabaya, Inshallah. Wewe tuombee dua tu."

Wallahi nilidhani nakuandaa. Nilikusudia nikushushe ngazi moja moja, leo si mabaya, kesho kuna tatizo kidogo, siku ya tatu ndiyo nikufikishe chini. Lakini kwenye ngazi ya kwanza tu ulipiga kigelegele, na banda zima likakuitikia, na Bi Riziki akanyakua simu akasema, "Daktari wa Ulaya huyo! Mwambie goti langu linamngoja!" Nikacheka naye, Mama. Nilikuwa nimesimama kituo cha basi, nimevaa koti kubwa kama godoro, nikacheka na Bi Riziki huku machozi yanataka kunitoka. Sikusema ngojeni.

Kisha ikaja picha. Mmevaa leso za sare, na yule mbuzi wa madoa uliyemtunza kwa akika ya mjukuu atakayezaliwa yuko kwenye sufuria, na mwalimu wa chuo cha Kurani kaketi mbele anasoma dua. Ukaandika chini, "Shukurani kwa daktari wetu." Mwanasha alikuwa anakunja nguo. Akaitazama ile picha kwenye simu yangu.

"Wanasherehekea nini?" akaniuliza.

"Si unawajua watu wa Kibuyuni. Kisomo."

"Hamisi. Wanasherehekea nini?"

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele. Alikwenda jikoni akaosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha, kimoja kimoja, akavipanga, kisha akarudi akasema, "Mbuzi wa mjukuu, Hamisi!" Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Nikamshika, nikaona kwamba mimi ndiye niliyemliza mara mbili kwa jambo lilelile. Maana Mama, kuanguka kwenyewe pia ni kwa ajili yangu. Hapo ndipo ninapotaka ufike, na nitakupeleka polepole lakini sitakuzungusha.

Ruhusa yako nikwambie kwanza kidogo habari za mke wangu. Najua si adabu mtoto kumsimulia mama yake mapenzi, lakini huku sina mwingine wa kumwambia, na nisiposema nitapasuka. Mama, nimeoa! Bado naamka asubuhi nikishangaa. Tulifika huku hina ya harusi bado iko kwenye kucha zake, nikawa nikiitazama inavyosogea mbele kidogo kidogo kucha zikikua, nikaona huruma ilipokatwa ya mwisho. Akisoma hutembea chumbani akijisomea kwa sauti, majina ya magonjwa marefu kama treni, na mimi hukaa kitandani nikimsikiliza kama mtu anayesikiliza kasida. Sielewi hata neno moja. Akinyamaza namwambia, "Endelea." Ananiuliza, "Umeelewa nini?" Namwambia, "Nimeelewa nina bahati." Basi hunitupia mto.

Mimi kama ujuavyo nafua mashuka, kazi ileile niliyokuwa nikiifanya hotelini Diani, ila huku ni mashuka ya hospitali na mashine zake ni kubwa kama chumba. Natoka kazini nanuka sabuni, yeye husema ndiyo manukato anayoyapenda. Watu walisema daktari hawezi kukaa na mtu aliyeishia sekondari. Mama, yeye hata hakumbuki kwamba niliishia wapi. Mimi ndiye ninayekumbuka.

Sasa mtihani. Ule wa kwanza, wa kuandika, aliufaulu, na hiyo ilikuwa habari ya kweli niliyokupa. Wa pili ni wa vitendo. Wanapanga vyumba vingi katika jengo moja, na kila chumba ndani yake mna mtu aliyelipwa ajifanye mgonjwa, au ndugu wa mgonjwa, na msimamizi kaketi pembeni anatoa alama. Mlangoni kuna karatasi ya maelezo. Kengele ikilia daktari anaingia, ikilia tena anatoka, awe amemaliza au hakumaliza. Lazima ufaulu huo ndipo wakupe leseni ya kutibu watu huku, hata kama ulikwisha kuwa daktari kwenu na kuwatibu nusu ya Matuga.

Kwa hiyo nyumbani mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Nimeugua kila kitu Mama! Nimeumwa kifua, nimetapika damu, nimekuwa mzee asiyesikia, nimekuwa mama mjamzito nikaweka mto tumboni. Kiti kimoja tulichonacho anakaa daktari, mimi nakaa juu ya ndoo niliyoifudikiza. Na kosa langu la kwanza lilikuwa kwamba nilikuwa mgonjwa mwema mno. Akisahau kuuliza jambo, mimi namdokeza. "Daktari, hujaniuliza kama navuta sigara." Anacheka, anauliza. Nilishindwa kumwona akikwama. Lakini hilo alikuja akalikataza mwenyewe, akanifundisha kunyamaza, nikanyamaza.

Kosa kubwa ni jingine. Siku moja alichukua karatasi iliyoandikwa kwamba ndani yuko mwanamume ambaye mkewe amefia chumba cha upasuaji, na kazi ya daktari ni kumpa habari. Akatoka nje kwenye ujia, akapiga hodi, akaingia, akavuta kiti.

"Bwana Hamisi, mimi ni daktari Mwanasha. Nasikitika, nina habari mbaya sana. Mkeo amefariki."

Mama, niliruka kutoka kwenye ile ndoo.

"Astaghfirullah! Ndiyo nini hivyo? Mtu hata hajakaa!"

"Umekaa. Umekaa kwenye ndoo."

"Ndiyo unavyomwambia mtu? Umelelewa wapi wewe?"

"Nimelelewa Mkongani, na mamangu anakusalimu. Kaa chini nimalize."

"Sikai. Na usiniulie mke wangu. Kawaulie watu wengine wake zao."

"Ni mke wa karatasi, Hamisi!"

"Wa karatasi, wa nini, mimi nina mke mmoja tu ninayemjua, na umesema amekufa. Tema mate."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mwanamume mzima wa Kibuyuni anaogopa karatasi!" Lakini alinitazama akaona sifanyi mzaha. Basi akaiweka ile karatasi kando. Nami badala ya kunyamaza hapo, nikajifanya mwalimu. Mimi, dobi, nikamfundisha daktari. Nikamwambia kwetu mtu hapewi habari ya msiba kwa mkupuo, hupewa kidogo kidogo kama uji wa mgonjwa. Kwanza msalimie sawasawa, muulize amefikaje, amekula. Kisha mwambie hali ya mkeo si nzuri. Kisha mwambie tumefanya tuliloweza. Kisha umuulize kama kuna mtu mzima katika familia aitwe, na huyo mtu mzima ndiye amwambie. Neno lenyewe, nikasema, wewe usilitamke kabisa, atalielewa.

"Wazungu wanataka neno litamkwe," akasema.

"Wazungu nao wana mama zao."

Akafikiri. Kwao Mkongani nako ni hivyohivyo, hakuna mtu anayemwendea mwenzake akamtupia kifo usoni. Akasema, "Kweli unavyosema kuna ubinadamu zaidi." Nami nikajiona nimesaidia! Nilivimba kichwa siku ile, Mama. Nikamchemshia chai ya tangawizi, nikamwambia ukifaulu useme ni kwa elimu ya Kibuyuni. Hatukuigusa tena ile karatasi.

Utajua kilichotokea. Siku ya mtihani, katika vyumba vyote, akakutana na mlango wenye karatasi ya namna ileile. Mume yuko ndani, mkewe amefariki, mwambie. Akaingia. Akamsalimia yule bwana vizuri. Akamuuliza alikuja na usafiri gani, amekula kitu gani tangu asubuhi. Akamwambia hali ya mkeo si nzuri. Yule bwana, kwa kuwa kazi yake ni kuigiza, akauliza, "Si nzuri vipi? Naweza kumwona?" Mwanasha akasema tumefanya kila tuliloweza. Yule bwana akasema, "Asanteni sana daktari. Kwa hiyo atapona lini?" Mwanasha anasema alimtazama msimamizi, na msimamizi hakuinua kichwa. Akamuuliza yule bwana kama kuna mtu mzima wa kuitwa. "Mimi ni mtu mzima," yule bwana akajibu. Na kengele ikalia.

Mama, mke wa yule bwana alibaki hai mpaka kengele ikalia. Mwanasha alitoka akamwacha mtu amekaa anangoja mkewe apone. Anasema chumba kilichofuata, na kingine baada yake, aliingia bado anamfikiria yule bwana, hakuona vizuri hata alichokuwa akikishika. Alama zikakosa kidogo tu kufikia za kufaulu. Kwenye majibu wakaandika ushauri wao: daktari hakusema kwamba mgonjwa amekufa, na ndugu akaachwa na matumaini ya uongo.

Matumaini ya uongo, Mama. Nikasoma maneno hayo nikijua mwalimu wake ni nani. Yeye hakunilaumu. Alisema, "Mimi ndiye daktari, si wewe." Angekuwa mke mkali ningepata pa kujificha, lakini ukitendewa wema na mtu uliyemharibia unabaki umesimama wazi kama mti uliopukutika. Na siku ileile, badala ya kuwa mwangalifu, nikaenda nikakupigia na kukufanyia wewe jambo lilelile.

Hospitali iliyomwahidi kazi imekubali kumngoja mara moja tu. Akianguka tena nafasi inakwenda kwa mwingine, nasi tunarudi. Mimi kurudi sitalia, nitaikumbatia hata mikoko. Lakini yeye alisoma miaka yote ile kwa taa ya chemli, Mama, na mamake aliuza nazi mpaka mabega yakapinda. Sitaki kuwa mimi niliyemrudisha.

Basi akaanza kusoma upya, na kila siku akaniambia, "Leo tufanye ile karatasi." Nami kila siku nikapata udhuru. Kichwa kinaniuma. Nimechelewa kazini. Tufanye ile ya mama mjamzito, niliifanya vizuri ile. Mpaka Jumapili iliyopita akafunga kitabu, akasimama mbele yangu.

"Hamisi, unanipenda?"

"Unaniuliza swali hilo kweli?"

"Basi usinihurumie. Huruma yako ndiyo iliyoniangusha mara ya kwanza."

Ni mara moja tu alipolisema, na alilisema kwa sauti ya chini. Nikafudikiza ndoo nikakaa.

Akatoka nje. Akapiga hodi. Akaingia, akaketi karibu kuliko mara ya kwanza, magoti yetu yakikaribia kugusana. Akajitambulisha. Akauliza kama niko peke yangu, na kama ningependa mtu awe nami. Akasema, "Nina habari mbaya sana ya kukuambia." Akangoja kidogo. "Mkeo amefariki dunia. Pole sana." Kisha akanyamaza.

Mama, kule kunyamaza ndiko kulikonivunja. Hakukimbilia kunifariji, hakuangalia pembeni. Alikaa pale na mimi. Nami nilidhani nitamfikiria yeye, nitaona jeneza la mke wangu, ndiyo hofu niliyokuwa nikiikimbia. Sikumwona yeye kabisa. Niliona machungwa.

Sijui kama unajua habari ya machungwa. Siku baba alipofariki, mjomba Salimu alinipigia nikiwa hotelini. Akaniambia, "Baba yako hajisikii vizuri, anakuulizia, njoo umwone." Nikaomba ruhusa. Pale Ukunda nikasimama kumnunulia machungwa na kopo la glukosi. Nilichagua chungwa moja moja, nikambana yule mama muuzaji kwa bei, tukacheka, akaniongezea mawili akasema ya mgonjwa haya, mwambie apone. Na wakati nacheka, baba yangu alikuwa ameshaoshwa. Njia nzima nilikuwa nikipanga nitakavyomtania, fundi mwashi mzima anaangushwa na homa. Niliposhuka matatu barabara kuu, jirani yetu mwenye bodaboda akanichukua mpaka nyumbani, akaniongelesha habari za mpira njia nzima, akakataa nauli. Nikamwona ni muungwana. Alikuwa anajua, Mama. Kila niliyempungia mkono njiani alikuwa anajua, wakanirudishia mkono. Nikaingia uani nimeinua mfuko juu, nasema, "Mgonjwa yuko wapi?" Nikaona mikeka. Nikakuona wewe.

Ile glukosi ukanyweshwa wewe ulipozirai. Machungwa sijui yalikwenda wapi.

Nililia pale kwenye ndoo kama nisivyolia hata siku ya mazishi. Mwanasha alijua kwamba si mchezo tena, lakini hakutoka kwenye kiti chake. Alinisogezea karatasi laini za kujifutia, akaendelea kungoja. Nilipomaliza nikamsimulia. Akaniuliza, "Ungetaka wakuambie vipi?"

Nikamwambia sijui. Kweli sijui, Mama, usidhani nawalaumu. Mjomba alifanya hivyo kwa upendo, na mimi nilipata safari moja zaidi na baba aliye hai, hilo silikatai. Lakini pia nilikuwa peke yangu duniani nisiyejua, naringa na mfuko wa machungwa. Ningeambiwa, labda ningelia njiani, na yule wa bodaboda angesimama kando tukalia wote. Alikuwa mwanafunzi wa baba yule, alimfundisha kujenga.

Mwanasha akafuta macho yangu kwa ncha ya mtandio wake, hapo sasa akawa mke wangu tena. Akasema, "Mwandikie mama. Mwambie kama nilivyokuambia mimi, usimwache na mbuzi wa uongo." Ndiyo maana naandika, sikupiga simu. Simu ningezunguka tena, nawe husikiliza kwa sauti kubwa mbele ya banda zima.

Nisamehe, Mama. Nisamehe kigelegele chako nilichokinyamazia, na dua iliyosomwa, na mbuzi wa mjukuu. Leso zenu za sare msizikunje mkazificha, Mwanasha anasema mzivae hivyohivyo, kosa si lake leso. Mwambie Bi Riziki ukweli, najua atanisema mpaka masikio yaniwashe huku niliko, na ni haki yake. Goti lake asilingojee Ulaya, aende akaangaliwe hapohapo.

Na sasa jambo la mwisho, ndilo lililonifanya nishike kalamu leo na si kesho. Jana tulikuwa tunasikiliza ujumbe wako wa sauti, ule unaosema kamba ya mwani ilikuchuna mguu na kwamba "si mbaya". Mwanasha alikuwa anasuka nywele. Akaacha. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza, "Tangu lini anasema si mbaya?" Nikafikiri. Tangu kabla ya Ramadhani, Mama. Akaniuliza, "Na anaingia majini?" Nikasema maji yakitoka tu yumo.

Unakumbuka tulivyoonana naye mara ya kwanza, mimi nimekuleta kliniki ya kisukari Msambweni, naye ndiye daktari? Alikuuliza miguu ina hali gani, ukasema si mibaya. Akakwambia, "Bi mkubwa, hilo ni jibu la jirani. Daktari mpe jibu jingine." Ukacheka, ukavua kiatu. Mimi nikampenda palepale.

Basi leo yeye na mimi tunakuuliza. Sisi si majirani. Mwanasha anasema kidonda cha mwenye sukari kisichofunga muda wote huo si kidogo, hata kama hakiumi, na kama hakiumi ndiyo hatari zaidi, na mguu unaweza kukatwa. Amesema niandike neno hilo lenyewe, kukatwa, nisiseme "matatizo". Nimeliandika na mkono wangu haukutaka. Dada Mwanamisi, kama unasoma hapa, usimngoje akubali. Mpeleke hospitali siku ileile mnayoisoma barua hii, kamba za mwani ziachieni wenzake, wala asikufiche kidonda ndani ya soksi.

Nisalimie mjomba Salimu, na umwambie nampenda na sina kinyongo naye. Nisalimie shangazi anayekuletea kuni, na mwalimu wa chuo aliyesoma dua, mwambie dua haikupotea, iko njiani inakuja. Wakwe zangu wa Mkongani ukiwaona, wape pole yangu na uwaambie binti yao hajakonda, ni picha tu.

Mtihani ni Alhamisi ijayo. Ikifika barua hii labda atakuwa ameshaufanya. Majibu yakitoka nitakupigia, na neno la kwanza litakalotoka kinywani mwangu, kabla hata sijakuamkia, litakuwa moja kati ya mawili, amefaulu au ameanguka. Usione nimekosa adabu. Na wewe Mama, hata kabla hujaniitikia marahaba, neno lako la kwanza liwe ni mguu.

Ni mimi mwanao, na mume wa Mwanasha,
Hamisi